Nyundo Moja

Mkaguzi wa misitu alipofika nyumbani kwa Bwana Miti hakutaka kiti wala maji ya kunywa. Alitaka nyundo.

"Iko chini ya kitanda," akasema mke wa Bwana Miti, mguu wake ungali juu ya pedeli ya cherehani. Alikuwa akishona sare ya shule ya mtoto wa watu, na mkono mmoja wa sare ile ulikuwa bado umebanwa na sindano. "Lakini mwenyewe yuko uani ananyoa ndevu. Karibu basi, umngoje."

"Nyundo ya serikali," mkaguzi akasema polepole, kama mtu anayeonja dawa, "inalala chini ya kitanda."

"Ofisi haina kufuli, baba. Tuliomba kufuli kabla kitinda mimba wangu hajaota meno. Sasa anajua kuzidisha na kugawanya."

Bwana Miti akatokea mlango wa uani. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, la pili limejaa povu. Jina hilo walimpa wakata mbao kwa kumkejeli, naye akalipokea na kulivaa kama koti jipya. Alikuwa mlinzi wa msitu, na ukutani pale sebuleni palikuwa na cheti chenye kioo: mlinzi aliyekamata magogo mengi kuliko wenzake wote wa ukanda ule. Mgeni akija, Bwana Miti alikuwa na kiti chake maalumu chini ya cheti hicho, ili macho ya mgeni yasipate pengine pa kwenda.

"Lori limeshikwa mjini," mkaguzi akasema bila kuketi. "Limejaa magogo ya mkangazi. Msitu umefungwa tangu mwaka jana, hakuna kibali hata kimoja kilichotoka. Na kila gogo lina alama ya kituo chako. Nyota ndani ya duara."

"Haiwezekani."

"Nyundo yenye nyota hiyo ni moja tu."

"Najua ni moja! Si mimi ninayepiga kelele kila kikao tuletewe ya pili?"

"Usinipandishie sauti, mzee. Futa povu kwanza."

Bwana Miti hakufuta. Aliinama chini ya kitanda chake mwenyewe mbele ya mgeni, akaichomoa nyundo katika gunia, na povu likadondoka juu ya mpini. Ilikuwa nyundo nzito, upande mmoja bapa, upande wa pili una nyota ya chuma iliyoinuka. Gogo likigongwa kwa upande huo, nyota inabaki kwenye kata yake, pale msumeno ulipopita, na mti ule mbele ya sheria unakuwa halali kusafiri.

"Kamati itakaa Alhamisi," mkaguzi akasema. "Mpaka hapo umesimamishwa kazi. Ukipatikana na kosa, nyumba hii ni ya mtumishi, na wewe hutakuwa mtumishi. Na buti hizo pia nipe."

"Buti nilinunua mwenyewe. Za idara hazikuja."

"Una risiti?"

"Nani duniani anatunza risiti ya buti?"

Mkaguzi akaondoka na nyundo mkono mmoja na buti mkono mwingine. Gari alilokuja nalo lilikuwa limeandikwa ubavuni Idara ya Maji. Bwana Miti akabaki mlangoni na kandambili zake, shavu moja la bosi, shavu moja la mshtakiwa. Jirani aliyekuwa akianika nguo akasahau kuanika.

*

"Ni kaka yako," Bwana Miti akasema mara mlango ulipofungwa.

Mke wake akaukata uzi kwa meno. "Rudia."

"Nyundo inalala ndani ya nyumba hii. Wanaoingia chumbani ni wewe, mimi na watoto. Na kaka yako, kila akija, eti mgongo unamuuma, anaomba ajinyooshe kitandani. Seremala anayenunua mbao kila wiki! Anajinyoosha juu ya kitanda chenye nyundo ya serikali chini yake!"

"Baba watoto, kaka yangu mgongo unamuuma kweli."

"Kila mwizi ana ugonjwa."

"Sawa," mke akasema, na sauti yake ikawa tulivu kwa namna ambayo mumewe aliiogopa kuliko kelele. "Nitakwenda kumuuliza. Lakini nikirudi na jibu usilolipenda, usije ukasema nalo lilikuwa chini ya kitanda."

Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kutaka kujua. Mteja akileta gauni lililochanika, hakushona kwanza, aliuliza limechanikaje. Mumewe alikuwa akimwambia siku moja atakufa kwa kuuliza. Naye alikuwa akimjibu kwamba angalau atakuwa amekufa anajua sababu.

*

Karakana ya kaka yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichojaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi za mwenyewe. Watu walimwita Fundi Randa. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika kiuno.

"Shemeji anadhani mimi ninaiba nyundo! Dada, mimi hata ya kwangu ya misumari inanishinda kuinua."

"Usicheke. Watatufukuza nyumba."

Fundi akaacha kucheka. Akapangusa mikono, akaingia nyuma ya benchi na kutoka na kipande cha kichwa cha gogo, kinene kama kigoda.

"Mimi nanunua mzigo wenye alama tu. Usio na alama sigusi, polisi wananijua kwa jina. Gogo hili nililinunua kutoka kwenye lori lililopita mchana kweupe kwenye kizuizi cha halmashauri. Pale hawaulizi mti umetoka wapi, wanamulika alama, wanapokea ushuru, wanakupungia mkono. Tazama mwenyewe kama hii ni alama ya kughushi."

Mke wa Bwana Miti akakipeleka kile kipande kwenye mwanga wa mlango. Nyota ilikuwapo. Na juu ya nyota ile palikuwa na nyota nyingine, imeipanda ya kwanza kwa pembeni, kama mtu aliyegonga, akafikiri, akagonga tena kwa chuki.

Mkono ule aliujua. Ndio uliopigilia misumari ya kitanda chao, na kila msumari una pigo moja la ziada.

"Dada, vipi?"

"Nipe niende nacho."

"Chukua. Lakini mwambie shemeji mgongo wangu umekasirika."

*

Mke alikiweka kile kipande juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Kaka yangu hakugonga hii. Umegonga wewe."

Bwana Miti akatazama. Akakigeuza. Akapitisha kidole juu ya nyota mbili. Mke wake hakumwondolea macho, maana katika dakika ile alikuwa akitazama ndoa yake yote: kama mtu huyu ameuza miti ya serikali na kumficha, basi ni mangapi mengine yaliyokuwa chini ya kitanda?

"Ni mkono wangu," mume akasema.

"Walikupa nini?"

"Nani?"

"Wenye lori!"

"Mke wangu, mimi sijapewa hata peremende." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomfanya mkewe amwamini nusu. "Gogo hili nalijua. Unaona hili jeraha jeusi? Lilikuwa karibu na kijito. Nililikamata. Wakataji walikimbia kabla sijafika, nikaligonga ili kila mtu ajue ni mali ya serikali, lingoje gari la idara."

"Ulilikamata, ukaligonga nyota. Na la kibali unaligonga nini?"

"Nyota. Nyundo si moja? Yaliyokamatwa yanatakiwa yawe na nyundo yake, yenye msalaba. Ile haikuja. Walituambia tutumie hii kwa muda."

"Kwa muda, tangu lini?"

"Tangu nilipoajiriwa."

Mke akavuta kiti. "Na mbona mara mbili?"

Bwana Miti akaona haya kidogo. "La kibali nagonga mara moja. Kwani limenikosea nini? La wizi nagonga mara ya pili kwa hasira yangu mwenyewe."

Kisha wote wawili wakakiangalia kile kipande kana kwamba kimekohoa.

"Basi magogo yote ya lorini, kama yana nyota mbili mbili..." mke akaanza.

"...ni yale niliyoyakamata mimi." Bwana Miti akasimama. "Lakini hayo yalichukuliwa na gari la idara!"

"Uliliona?"

"Sikuliona. Nilikuwa nikirudi baada ya siku chache nakuta hayapo. Nikajua wamekuja."

"Baba watoto," mke akasema taratibu, "mkaguzi mwenyewe amekuja hapa na gari la maji."

*

Asubuhi wakaingia msituni, yeye na kandambili zake, mkewe na viatu vya kanisani kwa sababu ndivyo pekee vilivyofunika vidole. Bwana Miti alikwenda kwa mwendo wa mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake. Hapa nilikamata saba. Pale kwenye mwamba nilikamata mengi hata nikashindwa kuinua mkono jioni. Kila alipoonyesha palikuwa na visiki na vumbi la msumeno, na mkewe aliangalia visiki zaidi kuliko alivyomwangalia mumewe.

Walipofika kwenye kona ya njia wakayakuta mapya. Magogo manne ya mkangazi, mekundu ndani kama nyama, yamelazwa kwa rundo kando ya njia. Utomvu ulikuwa bado haujakauka.

"Unaona!" Bwana Miti akafoka, na mkono wake ukaenda kiunoni kutafuta nyundo isiyokuwapo. "Nimesimamishwa jana tu, panya wameshatawala!"

Mkewe aliyazunguka magogo yale kama anavyozunguka kitambaa kabla ya kukikata.

"Siku zote unayakuta hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kando ya njia. Vichwa vyote vimetazama upande wako. Kata zimesawazishwa, safi, hata utomvu wamefuta. Na wamekuwekea jiwe hapa chini upate pa kusimama." Akasimama juu ya lile jiwe. Magogo yakamfika kifuani, mahali hasa mkono unapopenda kuwa ukishika nyundo. "Mwizi gani anakimbia na kuacha amepanga vyombo?"

Uso wa Bwana Miti ulibadilika kidogokidogo, kama ukuta unaoloa maji kutoka chini.

Sasa aliyaona yote. Kelele za msumeno zilizokuwa zikisikika kila mara upande ambao yeye yuko. Wakataji waliokuwa wakikimbia mapema mno, tena wakicheka. Hawakuwa wakimkimbia. Walikuwa wakimpisha afanye kazi. Walikata mti haramu, wakamngoja aje na hasira zake auhalalishe bure, bila hongo, mara mbili ili alama isifutike. Kisha wakaleta lori. Na serikali ikampa cheti.

Akaketi juu ya jiwe.

"Alhamisi nitasema nimeiba," akasema.

"Una wazimu?"

"Mwizi ana akili, mama. Mwizi watu wanamchukia, lakini hawamcheki. Nikisimama mbele ya kamati niseme mimi ndiye niliyekuwa muhuri wa wezi, nikigonga kwa hasira, nikirudi nyumbani kukaa chini ya cheti... Watanicheka mpaka watoto wa watoto wangu."

"Ukisema umeiba tunalala nje."

"Najua."

"Basi chagua. Kicheko cha watu hakijawahi kumfukuza mtu nyumbani." Akamshika mkono, akamwinua. "Na mimi sikuolewa na mwizi. Mjinga tunaweza kuishi naye, tumeshazoea."

Bwana Miti akataka kukasirika. Ikamshinda, akacheka kidogo kwa pua, na kicheko kile kikatoka na machozi.

*

Ofisi ya kituo ilikuwa na viti viwili, na kamati ilikuwa ya watu watatu, kwa hiyo mshtakiwa akatumwa kwao kuleta kiti. Alileta kile cha chini ya cheti. Mkaguzi akaketi juu yake. Pembeni yake alikuwa afisa ushuru wa halmashauri, mtu mnene mwenye leso shingoni, na mwenyekiti wa kamati ya msitu ya wanakijiji, mzee mkulima ambaye tangu achaguliwe alikuwa hajaitwa kikaoni hata siku moja, na sasa aliangalia dari kwa hamu ya mgeni. Mke wa Bwana Miti akasimama mlangoni. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumfukuza.

Bwana Miti alisema yote. Hakuacha hata lile jiwe la kusimamia. Alipofika kwenye mara ya pili ya hasira, afisa ushuru akaziba mdomo kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Mlinzi akaendelea kusema, akimwangalia yeye, mpaka mabega yakatulia.

"Jambo moja nauliza," akamalizia. "Magogo yote niliyoyakamata, gari la idara lilikuja kuyachukua lini?"

Mkaguzi akakohoa. "Gari la idara limekufa, liko juu ya mawe."

"Tangu lini?"

"Hilo si mada."

"Na ninyi wa kizuizi," mke akasema kutoka mlangoni, "hamkujua kwamba msitu umefungwa?"

Afisa ushuru akageuka. "Mama, barua ya kufunga msitu ilitoka wizara ya misitu. Sisi tuko wizara nyingine. Kwetu haikufika. Sisi tuna lengo la makusanyo, tukipungukiwa tunahojiwa. Alama ipo, ushuru umelipwa, nimzuie mtu kwa sababu gani? Kwa sura yake?"

"Na mimi nina lengo la kukamata," Bwana Miti akasema.

"Ehe," yule mzee akashusha macho kutoka darini. "Kwa hiyo huyu anakamata, na huyu anakusanya, na wote wawili mmefaulu. Ni mti tu ulioanguka mtihani."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alitoka nje, akapiga simu mjini, akaomba magogo ya lorini yatazamwe tena. Waliyatazama. Nyota mbili, kila gogo. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyebeba kitu asichojua pa kukiweka, maana yeye mwenyewe, zamani akiwa karani, ndiye aliyesambaza lile agizo la kutumia nyundo moja kwa muda. Na nyundo ya pili aliiomba. Aliiomba mara nyingi. Alikuwa na barua zote za kukumbusha, na barua za kukumbusha zile barua.

"Wizi haujathibitika," akasema akiangalia meza. "Unarudi kazini. Nyumba unakaa. Lakini unapewa onyo."

"La nini?"

"Utaratibu unasema gogo ligongwe mara moja. Umegonga mara mbili."

"Na nyundo ya msalaba?" Bwana Miti akauliza.

"Imo kwenye bajeti."

"Na mpaka ije, nikikamata nifanye nini?"

Mkaguzi akamsogezea nyundo juu ya meza. Buti akazitoa chini ya kiti, akaziweka kando yake, zikiwa zimepigwa kiwi. Hapo ndipo sauti yake iliposhuka, ikawa ya binadamu. "Mzee wangu, mimi sina jibu. Endelea kama kawaida. Usipoandika umekamata, makao makuu watasema kituo hakifanyi kazi, watakifunga."

*

Kesho yake Bwana Miti akaenda kwenye kona ya njia, na mkewe akamfuata na kikapu cha kushonea, kwa sababu alitaka kujua.

Magogo manne yalikuwa palepale. Juu ya moja lao alikuwa ameketi mtu mzima mwenye kofia ya sufu, mikono ina makovu ya msumeno. Hakukimbia. Alisimama kwa heshima, akavua kofia.

"Shikamoo, Bwana Miti. Pole na matatizo. Tulisikia umesimamishwa, tukasikitika sana."

"Mmesikitika."

"Sana. Walisema wataleta mwingine, na mwingine huwezi kujua tabia yake. Wewe tumekuzoea." Akapangusa kata ya gogo la kwanza kwa kofia yake. "Haya yamekaa muda sasa. Lori linatudai, na dereva ana mdomo. Kama leo unayo nafasi."

Bwana Miti akapanda juu ya jiwe. Akaishika nyundo kwa mikono miwili. Hasira yote ilikuwapo, ile ya kwanza na ile ya pili, na magogo yalikuwa yamemfika kifuani. Akainua.

Nyumba ilikuwa kwenye ncha ya nyundo ile. Kugonga ni kutii, kutogonga ni kituo kufungwa, na hakuna upande ambao mti ungesimama tena.

Akaishusha polepole. Akashuka kwenye jiwe, akapanda juu ya magogo, akaketi, nyundo mapajani.

"Bwana Miti, hugongi?"

"Leo sigongi. Leo nimekuja kukaa."

"Kukaa mpaka lini?"

"Mpaka nyundo ya pili ije."

Mtu wa kofia akakuna kichwa. Akaitazama njia, akaitazama nyundo, akamtazama mwanamke aliyekuwa ameshaketi mwisho wa gogo akitunga uzi kwenye sindano.

"Mama, inakuja lini hiyo?"

"Imo kwenye bajeti," akajibu bila kuinua macho.

Yule mtu akapiga hesabu yake ya ndani. Mahali fulani mbali msumeno ukaanza kulia, kisha, kama uliosikia habari, ukanyamaza.

"Basi sogea kidogo, mzee wangu," akasema. "Na mimi nipate pa kukaa."